Gilbert White, Kasisi wa Kijiji cha Selborne

Katika nchi ya Uingereza, upande wa kusini, yapata maili 50 kutoka mji wa London, kipo kijiji kiitwacho Selborne. Si kijiji chenye sifa ya vita, wala hakuna mfalme aliyezaliwa hapo. Lakini habari zake zimesomwa na watu wa mataifa mengi kwa muda wa miaka zaidi ya 200, kwa ajili ya mtu mmoja tu, kasisi wa Kanisa la Kiingereza, jina lake Gilbert White. Mtu huyu hakuwa askofu. Hata usharika wa kijiji chake mwenyewe hakupewa uwe wake. Tumeona vema kuwaandikia ndugu wasomaji habari za maisha yake, hasa ninyi walimu mliowekwa katika vijiji vidogo mbali na mji, ambao twajua ya kuwa wengine wenu huhesabu miaka mpaka wahamishwe.

Kwanza tueleze jinsi kijiji chenyewe kilivyo. Selborne kimekaa bondeni, nacho kina njia moja tu, urefu wake robo tatu za maili, na nyumba zimefuatana kandokando yake. Upande wa kusini-magharibi kuna kilima cha mawe meupe laini kama chaki, kimo chake futi 300 juu ya kijiji, na ubavu wake umefunikwa na msitu wa miti mirefu yenye gome laini la rangi ya majivu. Wenyeji huuita msitu huo Hanger, kwa sababu umekuwa kama kitu kilichotundikwa juu ya nyumba zao. Mwezi wa Mei majani yake ni machanga, hata mwanga upenyao chini yake huonekana kuwa wa kijani. Mwezi wa Oktoba hugeuka rangi ya shaba, kisha hupukutika yote, msitu ukabaki mifupa mitupu mpaka baridi ipite. Sisi tuliozoea migomba isiyovua nguo yake hata mara moja, tungedhani ya kuwa msitu ule umekufa.

Chini ya kilima hutoka chemchemi isiyokauka. Na njia za kale ziingiazo kijijini ni za ajabu, maana magurudumu na maji ya mvua yamezichimba kwa karne nyingi, hata katika siku za White mahali pengine msafiri alipita futi 16 au 18 chini ya mashamba, na mizizi ya miti ikining'inia juu ya kichwa chake. Mwezi wa Januari mwaka 1776 theluji ilizijaza njia hizo, ikawa sawasawa na ua wa mashamba, mtu asiweze kupita.

Mbele ya kanisa palikuwa na kiwanja ambapo wazee walikaa jioni na vijana wakacheza. Katikati ya kiwanja hicho ulisimama zamani mwaloni mkubwa. Tufani ya mwaka 1703 iliung'oa. Kasisi wa siku hizo akatoa fedha nyingi ili usimamishwe tena mahali pake, nao ukachipuka kidogo, kisha ukanyauka. Twapenda kuitaja habari hii kwa sababu White mwenyewe aliiandika miaka mingi baadaye, naye hakuwa amezaliwa tufani ilipovuma; alikuwa ameisikia kwa wazee. Mti mwingine, wa kale sana, ulikuwa katika uwanja wa kanisa. White aliupima akaona ya kuwa unene wa shina lake ni futi 23 kuzunguka. Huo ulidumu mpaka mwezi wa Januari mwaka 1990, upepo ulipouangusha.

Gilbert White alizaliwa tarehe 18 Julai 1720, katika nyumba ya kasisi hapo Selborne, kwa kuwa babu yake, mwenye jina lilo hilo, ndiye aliyekuwa kasisi wa usharika. Babu alipofariki mwaka 1728, bibi yake mjane alihamia nyumba ya ng'ambo ya njia, iitwayo The Wakes, na nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa makao ya Gilbert karibu maisha yake yote. Akasomeshwa Basingstoke, kisha akapelekwa Oxford katika chuo cha Oriel. Mwaka 1744 chuo kilimchagua kuwa mmoja wa wenzi wake, wapewao posho kila mwaka, na mwaka 1749 alibarikiwa kuwa kasisi.

Hapo pana jambo ambalo wasomaji wetu yafaa walielewe, kwa maana ndilo lililoamua maisha yake. Katika Kanisa la Kiingereza haki ya kumchagua kasisi wa usharika fulani huweza kuwa mali ya mtu au ya chuo. Haki ya Selborne ilikuwa ya chuo kingine cha Oxford, kiitwacho Magdalen, nacho kiliwapa watu wake. White alikuwa mtu wa Oriel. Basi tangu siku aliyoingia katika lango la chuo chake, akiwa kijana asiyejua yatakayokuja, mlango wa kuwa kasisi mwenyewe wa kijiji alichokipenda ulikuwa umefungwa. Kwa upande mwingine chuo chake kilimpa nafasi katika sharika nyingine, zenye mapato mazuri kuliko kazi ya msaidizi. Alizikataa mara nyingi, kwa kuwa kuzipokea ni kuondoka Selborne. Akachagua kuwa kasisi msaidizi, mara katika kijiji cha jirani, mara katika Selborne yenyewe. Alishika kazi ya msaidizi hapo kwao mara nne kwa vipindi mbalimbali, na kipindi cha mwisho kilianza mwaka 1784, naye ana umri wa miaka 64.

Hatutaki kumfanya kuwa mtakatifu. Mwaka 1757 alipokea usharika wa Moreton Pinkney, ulio mbali katika jimbo la Northamptonshire, wala hakukaa huko. Alimlipa mtu mwingine afanye kazi, na yeye akala mapato yaliyobaki. Desturi hiyo ilikuwa ya kawaida katika siku zake, wala hakuna aliyemshtaki. Lakini sisi tulio wachungaji hatuwezi kuisifu. Watu wa Moreton Pinkney nao walikuwa kundi. Mtu aliyehesabu vifaranga vya kila ndege wa kwao hakuwajua watoto wa usharika ule mwingine.

Lakini watu wa Selborne aliwajua. Mwezi wa Oktoba mwaka 1783 iliandikwa hesabu ya usharika wote: nyumba 136, watu 313 katika njia ya kijiji, na 363 katika mashamba ya kandokando, jumla yao 676. Wengi walikuwa maskini. Wanaume walilima, wakakata miti na kuibambua magome. Wanawake walipalilia ngano wakati wa kuchipua, na mwezi wa Septemba walipata mavuno ya pili kwa kuchuma hopsi, yaani mmea utambaao juu ya nguzo, ambao maua yake hutiwa katika bia. Zamani katika miezi ya baridi walisokota sufu nyumbani, lakini kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuwatoka mikononi.

Katika habari zote alizoziandika juu ya maskini hao, iliyotupendeza kupita zote ni habari ya taa zao. Mishumaa ilikuwa ghali. Basi wazee, wanawake na watoto waliingia katika mabonde yenye maji wakakata nyasi ndefu ambazo ndani zina kiini cheupe kama pamba. Wakazibambua ganda, lakini waliacha utepe mmoja mwembamba toka juu hata chini ili kiini kisivunjike, nayo si kazi rahisi kwa mtu asiyefundishwa tangu utoto. Kisha zilianikwa, zikachovywa katika mafuta ya nguruwe ambayo mama mwenye uangalifu alikuwa akiyaengua katika chungu chake siku kwa siku, asiyanunue. White hakutosheka kusema ya kuwa taa hizo ni za bei nafuu. Alipima ratili moja ya nyasi kavu, akazihesabu moja moja, akakuta zaidi ya 1,600. Akachukua moja nzuri, urefu wake futi 2 na inchi 4 na nusu, akaiwasha huku ameshika saa. Ikawaka muda wa saa moja kasoro dakika 3. Mwisho wa hesabu yake ilionekana ya kuwa kwa robo ya peni jamaa maskini waliweza kupata mwanga wa saa 5 na nusu. Nao waliokuwa maskini kupita wote, wasio na fedha ya kununua vitu vingi pamoja, walinunua mshumaa mmoja mmoja wa peni nusu, ukawaka saa 2 tu katika nyumba zao zenye upepo, na hivyo walilipia mwanga wao ghali kuliko wenzao. Ni kasisi wangapi wanaojua jinsi washarika wao wanavyopata mwanga wa usiku, na bei yake?

Aliandika pia habari za uchawi na uganga wa watu wake, na hapa wasomaji wengine watashangaa, maana kwetu wako wadhanio ya kuwa Wazungu hawakuwa na mambo hayo kamwe. Karibu na kanisa ulisimama mti mzee wenye mvungu. Watu waliamini ya kuwa kirukanjia akipita juu ya ng'ombe au farasi, mnyama huyo hupatwa na maumivu makali, hata asiweze kutumia kiungo kilichoguswa. Dawa yake ilikuwa kumpapasa kwa vijiti vya mti maalum; na mti huo ulipata nguvu zake kwa kutobolewa tundu, akatiwa ndani yake kirukanjia aliye hai, tundu likazibwa, na maneno ya uganga yakasemwa juu yake. Kasisi mmoja wa Selborne aliukata mti ule akauteketeza, ingawa watu waliokuwapo walimsihi auache. Ilikuwako na miti mingine iliyopasuliwa katikati ilipokuwa michanga, na mtoto mwenye ngiri akapitishwa uchi katika ufa wake. Kisha mti ukafungwa na kukandikwa udongo. Ukishikamana, watu walisadiki ya kuwa mtoto naye atapona. White alikuwa na watu wazima katika usharika wake waliopitishwa hivyo utotoni. Hakuwacheka. Alikumbuka pia ya kuwa mwaka 1751, katika mji wa Tring, usio mbali sana na London, wazee wawili walikamatwa na umati wa watu wakatoswa majini kwa shutuma ya uchawi, na ya kuwa ushirikina hunyonywa pamoja na maziwa ya mama, hata ni vigumu kuuondoa kwa wasiopata elimu.

Sasa tuseme juu ya kazi iliyolifanya jina lake lijulikane. Tangu mwaka 1751 aliandika daftari la bustani yake, na tangu mwaka 1768 mpaka mwezi wa Juni 1793 aliandika kila siku habari za hali ya hewa, za ndege, za wadudu, za maua na za mazao. Wataalamu wa siku zake walizoea kuchungulia ndege waliokufa, waliokaushwa na kuwekwa katika makabati. White aliwatazama walio hai, mahali pamoja, mwaka baada ya mwaka. Kwa njia hiyo aligundua ya kuwa ndege wadogo wa kijani ambao watu waliwadhani kuwa ni jamii moja ni jamii tatu. Aliwatofautisha kwanza kwa nyimbo zao, kwa sababu umbo lao lafanana mno. Alimtambua panya mdogo wa mashamba ya ngano, ambaye wawili wake walipowekwa katika mizani walilingana na uzito wa sarafu moja ya shaba ya peni nusu. Naye hufuma tundu lake la majani liwe kama mpira mviringo usioonekana mlango. Aliandika juu ya nyungunyungu, wanaodharauliwa na wakulima, akaonyesha ya kuwa pasipo wao ardhi ingekuwa ngumu, baridi, isiyozaa. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1881, Charles Darwin, aliyekisoma kitabu cha White tangu ujana wake, alitoa kitabu kizima juu ya nyungunyungu.

Si kwamba moyo wake ulikuwa mkavu kama mizani yake. Palikuwa na mwaloni wenye uvimbe mkubwa katikati ya shina, ambao hakuna mvulana wa kijiji aliyeweza kuukwea, na kunguru wakubwa wawili walikuwa wakizaa juu yake miaka mingi. Msitu ule ukauzwa kwa mbao. Siku ya kukata ilikuwa mwezi wa Februari, wakati ndege wale wanapoatamia. Msumeno ukatiwa, kabari zikapigwa nyundo, mti ukatikisika, lakini kunguru jike hakuondoka. Mti ulipoanguka alirushwa kutoka katika tundu lake, matawi yakampiga, akafika chini amekufa.

Wakati wa kiangazi cha mwaka 1783, tangu tarehe 23 Juni mpaka tarehe 20 Julai, ukungu wa ajabu uliifunika nchi. Jua la adhuhuri lilikuwa hafifu kama mwezi wenye mawingu, na wakati wa kuchwa lilikuwa jekundu kama damu. Nyama iliyochinjwa haikuweza kuliwa siku ya pili yake, na nzi walikuwa wengi hata farasi wakawa kama wenye kichaa. Watu wa mashambani waliogopa, na White aliandika ya kuwa hata mtu mwenye elimu alikuwa na sababu ya kufadhaika. Sasa twajua ya kuwa tarehe 8 Juni mwaka huo mlima wa moto Laki ulikuwa umepasuka katika kisiwa cha Iceland, na moshi wake ukaenea Ulaya. Yeye hakuyajua hayo. Lakini hakusimama kutangaza mwisho wa dunia. Aliandika siku, upepo, joto na rangi ya jua, ndiyo sababu wataalamu hutumia maandiko yake hata leo.

Marafiki wawili wenye elimu, Thomas Pennant na Daines Barrington, waliandikiana naye barua miaka mingi, na kutoka katika barua hizo alitunga kitabu chake juu ya viumbe na mambo ya kale ya Selborne. Ndugu yake Benjamin, aliyekuwa mwenye duka la vitabu London, alikichapa mwishoni mwa mwaka 1788. Mwandishi alikuwa na miaka 68. Mwaka uliofuata mapinduzi ya Ufaransa yakaanza, na watu wangeweza kukisahau kitabu cha kasisi msaidizi juu ya nyungunyungu na mbayuwayu. Hawakukisahau, kimechapishwa tena na tena mpaka leo.

Kobe wake naye amepata sifa. Alimrithi kwa shangazi yake mwaka 1780, jina lake Timothy, akamweka katika bustani. Alimpigia kelele kwa baragumu ya kusemea ili ajue kama asikia, kobe asijali. Baada ya White kufa ilionekana ya kuwa Timothy alikuwa jike. Basi hata macho makini namna ile hayakuona yote.

Lakini swali lililomsumbua maisha yake yote lilikuwa la mbayuwayu. Kila mwaka walifika Selborne mwezi wa Aprili, na kila mwaka walitoweka karibu na Oktoba. Huenda wapi? Nabii Yeremia alijua ya kuwa ndege huyu hushika majira yake, lakini hakusema yuko wapi majira mengine. Wataalamu wengi wa Ulaya waliamini ya kuwa hulala usingizi wakati wa baridi, katika mashimo, au hata chini ya maji ya maziwa. White aliandika juu ya jamii zao nne, na barua zake juu yao zilisomwa mbele ya chama cha wataalamu wa London, Royal Society, miaka ya 1774 na 1775. Juu ya wale weusi wenye mabawa marefu aliona jambo moja la ajabu: kila mwaka walikuwako Selborne jozi 8, na kila jozi ililea vifaranga, lakini mwaka wa pili zilirudi jozi 8 tu. Wengine walikwenda wapi?

Ndugu yake John alikuwa kasisi wa askari huko Gibraltar, mahali ambapo Ulaya na Afrika zakaribiana. John akamwandikia ya kuwa ameona kwa macho yake mbayuwayu maelfu wakivuka mlangobahari, kuelekea kusini au kaskazini kwa majira yao. White alisadiki ya kuwa wengi husafiri. Hata hivyo kila mwaka, siku moja yenye jua mwezi wa Novemba, alimwona mmoja au wawili wakiruka juu ya Hanger, na shaka ikamrudia ya kuwa labda baadhi yao wamejificha papo hapo. Akaajiri watu wakachimbechimbe vichaka na mashimo ya kilimani wawatafute. Hawakuona kitu.

Alifariki katika nyumba yake The Wakes tarehe 26 Juni 1793, mbayuwayu wakiwa kijijini. Alizikwa nje, katika uwanja wa kanisa, chini ya jiwe dogo lililoandikwa herufi mbili za jina lake na tarehe tu. Nyumba yake sasa ni makumbusho, na njia ya kupanda Hanger kwa kupindapinda, aliyoichimba pamoja na ndugu yake John mwaka 1753, yapitika hata sasa.

Tarehe 6 Mei 1911, katika mji wa Cheadle jimboni Staffordshire, mbayuwayu mmoja alifungwa mguuni pete ndogo yenye namba. Tarehe 23 Desemba 1912 alishikwa katika nyumba ya mkulima huko Natal, Afrika ya Kusini, pete ikiwa mguuni mwake. Hivyo ndivyo jibu la White lilivyopatikana, miaka 119 baada ya kufa kwake, nalo lilikuwa katika bara letu. Mbayuwayu wa Uingereza huvuka jangwa la Sahara na misitu ya Kongo mpaka kusini. Na wale tuwaonao sisi Afrika Mashariki tangu Septemba mpaka Aprili ni ndugu zao, wengi wao wakitoka nchi nyingine za Ulaya na Asia. Lakini iko jamii nyingine kati ya zile nne, mwenye kiuno cheupe, ajengaye kwa udongo chini ya ukingo wa paa. Huyo naye huja Afrika kila mwaka kwa mamilioni. Ni wachache sana wenye pete waliopatikana huku, na mahali wakaapo wengi wao tangu Oktoba mpaka Machi hapajajulikana kwa hakika hata leo.